Mashindano ya Qasida: Nani Amewahesabu Watoto?



Tarehe 1 Oktoba 2008, sikukuu ya Idd el Fitri, watoto wapatao 20 walifariki dunia mjini Tabora katika ukumbi wa disko walimojazana kupita kiasi. Wapo wanaosema, "Lile lilikuwa disko, sisi ni qasida." Jibu hilo halitoshi. Ukumbi uliojaa hauulizi kinachoimbwa ndani, na mwenye nia mbaya hashindwi kuvaa kanzu.

Tunapowatoa watoto Kinyala kwenda kushindana Tukuyu au Mbeya, majina yao yaandikwe na wahesabiwe wakipanda gari, wakishuka na wakirudi. Milango ya ukumbi isifungwe kwa kufuli, na ukishajaa asiingizwe mtu mwingine. Mabinti wasindikizwe na mwalimu wa kike. Mtu mzima yeyote, hata ustadhi kama mimi, asikae faraghani na mtoto. Mzee, asiyeona au mwenye ulemavu wa akili apewe msaidizi anayemfahamu, na akae karibu na mlango.

Mtoto akilalamika asikilizwe, asinyamazishwe kwa kuogopa aibu ya madrasa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na simu namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya aliowachunga. Kombe tukilikosa mwaka huu, tutalitafuta mwakani. Mtoto hatafutwi mwakani.