Kesi ya Nnamdi Kanu: majaji, miji na swali lililobaki Nairobi

Tarehe 20 Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Shirikisho mjini Abuja, Nigeria, ilimhukumu Nnamdi Kanu, kiongozi wa kundi la IPOB linalotaka Biafra ijitenge, kifungo cha maisha kwa makosa ya ugaidi. Mshtakiwa hakuwepo hukumu iliposomwa, kwani alikuwa ametolewa nje kwa kuvuruga kikao. Safari ya kuifikia siku hiyo ilianza Lagos Oktoba 2015 alipokamatwa mara ya kwanza, na kipande chake kimoja kilipita Nairobi.

Kanu alipata dhamana Aprili 2017. Septemba mwaka huo wanajeshi walivamia makazi ya familia yake Umuahia, naye akaikimbia nchi. Juni 2021 alitiwa mbaroni Nairobi, na siku kumi baadaye akasimama mbele ya Jaji Binta Nyako mjini Abuja. Hakuna mahakama ya Kenya iliyokuwa imeidhinisha asafirishwe.

Oktoba 2022 Mahakama ya Rufaa ilimwachilia, kwa hoja kwamba aliletwa kwa njia haramu. Hata hivyo hakutoka: serikali ilikata rufaa, naye akaendelea kuzuiliwa na idara ya usalama kwa miezi kumi na minne. Tarehe 15 Desemba 2023 Mahakama ya Juu ilikiri kwamba alichukuliwa isivyo halali, ila ikaamua kuwa hakuna sheria ya Nigeria inayoiondolea mahakama uwezo wa kumshtaki kwa sababu hiyo. Mashtaka saba yakarudishwa kwa Jaji Nyako.

Hapo ndipo mkwamo ulipokuwa mkubwa zaidi. Mahakama hiyo hiyo ya Juu ilikuwa imemkosoa jaji huyo kwa kufuta dhamana ya mtu aliyekimbia uvamizi, na Kanu akasema hana imani naye tena. Septemba 2024 Jaji Nyako alijitoa. Jaji Mkuu wa Mahakama Kuu ya Shirikisho, John Tsoho, akalirudisha faili kwake. Mawakili wa utetezi wakaomba kwamba, ikiwa hakuna jaji wa Abuja aliye tayari, kesi ihamishiwe kusini mashariki. Ombi hilo halikuwa geni kisheria, kwa kuwa Mahakama Kuu ya Shirikisho ni mahakama moja yenye matawi nchini kote. Lakini kusini mashariki ni nyumbani kwa Kanu, na ndiko ambako kuanzia Agosti 2021 maduka na shule zilikuwa zikifungwa siku za Jumatatu kwa amri iliyotolewa kwa jina la IPOB. Serikali isingependa kumpeleka huko, na kwa upande wa usalama ni vigumu kuilaumu. Februari 2025 kesi iliahirishwa bila kutajwa tarehe. Mtu alikuwa kizuizini na hapakuwa na jaji wa kumsikiliza.

Mwezi uliofuata faili lilikabidhiwa Jaji James Omotosho, papo hapo Abuja, naye akaimaliza kesi katika muda wa miezi minane. Kasi hiyo inaonyesha kwamba kwa sehemu kubwa kilichochelewesha si ugumu wa ushahidi, bali ni swali la nani aisikilize na wapi. Ni kweli pia kwamba Kanu mwenyewe alichangia: mwishoni aliwafukuza mawakili wake na kukataa kuita mashahidi, akidai kwamba sheria aliyoshtakiwa nayo haipo tena.

Kwa upande wetu wa bara, jambo zito liko Nairobi. Juni 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kutekwa na kuondolewa kwa Kanu kulivunja katiba, ikaamuru alipwe shilingi milioni 10 za Kenya. Uamuzi huo ulitoka miaka minne baada ya tukio, ukamkuta kizimbani Abuja, na haukuizuia kesi hata kwa siku moja. Katikati ya miaka hiyo, Novemba 2024, mwanasiasa wa Uganda Kizza Besigye alitoweka Nairobi, na siku chache baadaye akaonekana katika mahakama ya kijeshi mjini Kampala.

Baada ya hukumu Kanu alipelekwa gereza la Sokoto, kaskazini magharibi kabisa mwa Nigeria, mbali na Umuahia na mbali na Abuja.