Subira Isiyo na Maarifa Huvuta Siki

Wahenga walinena kwamba subira yavuta heri. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba subira isiyo na maarifa huvuta siki, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika lawama hiyo.

Nianze na kisa cha nyumbani kwetu Othaya, Nyeri. Siku wakwe walipoleta mahari ya dada yangu, kando ya kibuyu cha muratina waliweka chupa ya divai nyekundu ya bei nafuu. Babu aliipokea kwa heshima, akaisimamisha juu ya uchaga wa meko. "Mjukuu wangu," aliniambia, "nasikia kinywaji hiki hunoga kikizeeka." Baada ya miaka minne tuliifungua. Rangi ilikuwa imegeuka hudhurungi, nayo ladha ilikuwa ya siki. Babu alinyamaza, sisi wajukuu tuliona haya.

Babu hakuwa mjinga. Katika muratina alikuwa mwalimu. Alijua kupasua tunda la mvungunya, kulichemsha na kulianika, kisha kulitia katika maji ya asali au ya miwa. Alijua kwamba nyuzi za tunda lililokwisha kutumika huhifadhi chachu ya pombe iliyotangulia, na kwamba joto la meko huiamsha. Alijua pia kwamba muratina hunywewa baada ya siku chache, wala haiwekwi. Kosa lake lilikuwa kuchukua kanuni ya meko na kuitumia kwa divai.

Divai haitaki joto, mwanga wala mtikisiko. Hupenda mahali penye giza na ubaridi usiobadilika, yapata nyuzi 10 hadi 15. Chupa yenye kizibo cha gome hulazwa ili kizibo kisikauke na kupitisha hewa. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo chumba cha nyuma kisichopigwa na jua, huko au Nanyuki, chafaa kuliko kabati la jikoni.

Hata hivyo, si kila divai hungoja. Inayozeeka vyema ni ile yenye ukakasi na uchachu wa kutosha. Divai nyingi za bei nafuu hutengenezwa laini ili zinywewe mapema, katika mwaka mmoja hadi mitatu hivi. Ya boksi haifai kuwekwa hata mwaka. Anayetaka kujua na anunue chupa tatu za aina moja: ya kwanza ainywe sasa, ya pili baada ya miezi sita, ya tatu baada ya mwaka. Ulimi wake utamfundisha bila gharama kubwa.

Je, babu angeyasoma wapi haya? Maandishi ya chupa yake yalikuwa ya Kiingereza. Sisi nasi hatujakubaliana hata juu ya jina. Wengine husema divai, neno lililotoka Kifaransa. Wengine mvinyo, lililotoka Kireno, na ambalo wengine hulitumia kwa pombe kali. Ilhali maneno ya kuonja tunayo tele: ukakasi, uchachu, ukali, kuiva, kuchacha.

Huenda msomaji akauliza kama ninahimiza ulevi. La, hasha! Pombe si chai. Februari 2024 watu walikufa katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, kwa kunywa pombe yenye sumu. Penye neno moja tu, pombe, kwa muratina ya wazee, divai na sumu, mnywaji hukosa hata namna ya kuuliza anachopewa.

Wanachama wenzangu, tuwaendee wazee wetu Othaya, Karatina na Mukurweini, tuandike maarifa yao kwa Kiswahili, nasi tuwapelekee yale tuliyoyasoma. Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini babu alikuwa tayari kuambiwa. Hakupata wa kumwambia.