Chumvi kwa Mtoto Anayeharisha

Mwezi huu tuzungumze juu ya chumvi. Wengi wetu mkoani Kigoma tumekula chumvi ya Uvinza tangu utotoni, wala haitutishi. Lakini mtoto anapoharisha, chumvi hiyohiyo huweza kumponya au kumwua.

Mtoto anayeharisha hapotezi maji peke yake, chumvi nayo hutoka. Ukimnywesha maji matupu kutwa nzima, chumvi iliyobaki katika damu huzimuliwa, ubongo huvimba, na huenda akapatwa na degedege. Hospitali kubwa hupima sodiamu katika damu. Kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Mama wa Nyabibuye hana maabara jikoni. Ana kijiko.

Paketi ya chumvichumvi kutoka zahanati ndiyo bora. Ichanganye yote katika kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita moja, yaliyochemshwa na kupoa. Ikikosekana, tia katika lita moja vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vya kusawazisha. Sukari si ya kumbembeleza mtoto: ndiyo inayoivusha chumvi katika utumbo, na maji huifuata. Onja kwanza. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga.

Mwaka 1971, wakimbizi wa Bangladesh walipougua kipindupindu huko Bangaon, India, na maji ya dripu yakaisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha mchanganyiko wa namna hii. Vifo vilishuka kutoka wagonjwa wapatao 30 katika kila 100 hadi chini ya 4. Hata sisi, kipindupindu kilipowapata wakimbizi wa Burundi huko Kagunga mwaka 2015, kinywaji hiki kilihitajika.

Wapo wanaodhani chumvi ikizidi, dawa inakuwa kali zaidi. Sivyo kabisa! Kijiko kizima cha mezani huvuta maji kutoka ubongoni. Mtoto huwa na kiu kali, hulia bila kutulia, kisha huzubaa. Huyo hatibiwi nyumbani. Hata daktari huishusha sodiamu polepole, kwa siku mbili au zaidi, maana haraka nayo huvimbisha ubongo.

Endelea kumnyonyesha. Mpe kinywaji kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena. Macho yakibonyea, au akishindwa kunywa, mbebe upesi hadi kituo cha afya, ukimnywesha njiani ikiwa bado anaweza kumeza.