Msuli wa Pirifomisi Unasingiziwa

Mwandishi wa makala iliyodai kwamba maumivu yanayoshuka kutoka takoni hadi mguuni husababishwa na neva ya siatiki kupenya ndani ya msuli wa pirifomisi ameanza na ukweli, kisha akauvuta mbali mno. Msuli huo huanzia mbele ya mfupa wa sakramu, hutoka nje ya fupanyonga na kujishikiza juu ya mfupa wa paja. Kwa watu wengi neva hupita chini yake. Kwa wachache, neva au tawi lake huupenya. Lakini mapitio ya mtafiti Smoll ya mwaka 2010, yaliyojumlisha maiti zaidi ya 6,000, yalikuta tofauti hizo kwa asilimia 16.9, na kwa wagonjwa waliopasuliwa kwa maumivu haya zilikuwa asilimia 16.2. Kama umbile hilo ndilo chanzo, kwa nini lisionekane zaidi kwa wanaougua?

Atasema wapo wanaopata nafuu wakidungwa sindano msulini. Ni kweli, na sikatai kwamba msuli uliokaza au kuumia unaweza kuibana neva. Hata hivyo, nafuu hiyo haithibitishi kwamba neva ilipita mahali pasipo pake. Isitoshe, tangu madaktari Mixter na Barr walipochapisha kazi yao mwaka 1934, diski ya mgongo iliyochomoza inajulikana kuwa chanzo kikubwa cha maumivu haya. Kwa hiyo kumwambia msomaji anyooshe tako tu, bila kumtahadharisha kwamba ganzi ya sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo humtaka awahi hospitali siku hiyohiyo, ni kumhatarisha.