Tukichangia ini, tuchangie na vipimo vya damu

Kama uko kwenye grupu yoyote ya WhatsApp ya mtaa, hii unaijua: picha ya msee macho yamegeuka manjano, nambari ya Paybill, na maneno “anapelekwa India kubadilishiwa ini”. Tunatuma mia mbili, tunaandika “Mungu yuko”, tunasonga. Wiki chache baadaye tunaambiwa upasuaji umeenda salama, watu wanashangilia, grupu inakufa.

Hapo ndipo mimi nakataa. Daktari kumaliza kushona ni nusu ya stori. Ini jipya linaanza kujieleza wiki ya kwanza, na linajieleza kupitia damu.

Mimi si daktari, chuo niliacha mwaka wa pili, lakini hii kitu haitaki digrii. Ini likishakaa kwenye barafu bila damu, halafu damu irudishwe, baadhi ya seli zake huumia na kumwaga vimeng’enya viwili, ALT na AST. Kwa hivyo siku ya kwanza na ya pili hizo namba hupaa, na familia inaanza kulia mapema. Kupaa kunatarajiwa. Unachoangalia ni kama zinashuka kesho na kesho kutwa.

Tena ALT inakuonyesha seli zilizoumia, haikuambii kama zilizobaki zinapiga kazi. Kazi utaiona kwenye bilirubini, ile rangi ya manjano ambayo ini linafaa kuiondoa mwilini, na kwenye INR, kipimo cha kuganda kwa damu. INR haina subira: protini moja ya kugandisha damu huisha ndani ya saa chache tu, kwa hivyo ini likilala, utajua haraka. Albumini nayo hukaa kwenye damu karibu wiki tatu, so haiwezi kukupa habari za jana. (Na mgonjwa akiongezwa plazma, INR hupendeza hata kama ini halijafanya lolote. Ulizeni.)

Mwaka wa 2010, Kim Olthoff na wenzake kule Marekani walitoa utafiti wa wagonjwa 300. Waliweka mipaka hii: bilirubini 10 au zaidi siku ya saba, INR 1.6 au zaidi siku hiyo hiyo, au ALT ama AST kupita 2,000 ndani ya wiki hiyo. Ukigonga hata moja, ini lako limeanza vibaya. Karibu robo ya wagonjwa waligonga. Kati ya hao, karibu 19 kwa kila 100 walifariki ndani ya miezi sita. Kwa wale wengine, hawakufika wawili.

Sasa skiza. Maini hayo yalitoka kwa watu waliofariki. India, maini mengi hutoka kwa walio hai: kaka au binti anakatwa kipande, na kipande kinahitaji muda kukua. Bilirubini inaweza kuchelewa kushuka kwa sababu hiyo tu. Mipaka ya Marekani haibandikwi kwa mgonjwa wetu hivi hivi. Ndiyo maana naitaka Wizara ya Afya ikusanye matokeo ya kila Mkenya anayerudi na ini jipya, jina liondolewe, namba zibaki. Faili hizo zikikaa chini ya vitanda hazimsaidii anayesafiri mwaka ujao.

Halafu kuna pesa. Aliyebadilishiwa ini hunywa dawa za kuzuia mwili usilikatae, na kiwango cha dawa hiyo hupimwa kwenye damu. Ikizidi, figo zinaumia. Ikipungua, mwili unaanza kulishambulia ini, mara nyingi bila maumivu yoyote, na ALT ndiyo hupiga kengele kwanza. Vipimo hivi ni vya mara kwa mara miezi ya mwanzo, kisha vinaendelea maisha yote. Bajeti za mchango ninazoziona zina tiketi, viza, hoteli na upasuaji. Lebu hakuna. Mtu anarudi nyumbani na ini la dadake, halafu anaruka kipimo kwa sababu hana nauli ya kufika hospitali.

Kwa hivyo wewe mweka hazina wa mchango ujao: tenga pesa za vipimo vya mwaka mzima kabla hujalipia tiketi ya msindikizaji wa tatu. Na grupu usiifunge.