Safari ya chuo kikuu huanza darasa la 8, si siku ya matokeo

Siku matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, barabara za Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi hubadilika sura. Vijana humwagiana poda nyeupe kichwani, filimbi hulia, akina mama hutoka nje na kupiga vigelegele, na simu hazipumziki. Ni furaha ya haki. Mtoto amesoma miaka 12, mzazi amelipa muhula baada ya muhula, na sasa diploma ya serikali imepatikana.

Majuma machache baadaye, kijana huyo husimama mbele ya meza katika ofisi ya uandikishaji ya chuo kikuu, ile ambayo wanafunzi huiita aparitora. Anaulizwa maswali mawili: alipata asilimia ngapi, na alisoma opsioni gani? Swali la kwanza alijiandaa kulijibu mwaka mzima. La pili alilijibu miaka 4 iliyopita, akiwa na umri wa miaka 14 au 15, na pengine hakuna mtu aliyemwambia kwamba jibu lile lingemfuata hadi hapa.

Kila mwaka familia nyingi za RDC huligundua jambo hili wakati umekwisha pita. Nguvu zote huwekwa katika mwaka wa mwisho: masomo ya ziada, sala, mazoezi ya maswali ya miaka iliyopita. Ila mambo makubwa kuhusu chuo kikuu huamuliwa mapema zaidi, mwisho wa darasa la 8, mara nyingi kwa dakika chache mbele ya ofisi ya mkuu wa shule.

Njia inapogawanyika

Sheria ya elimu ya kitaifa ya tarehe 11 Februari 2014 iliweka elimu ya msingi ya miaka 8: miaka 6 ya shule ya msingi, kisha darasa la 7 na la 8. Mwisho wa darasa la 8 mwanafunzi hufanya TENASOSP, jaribio la taifa la kuchagua na kuelekeza wanafunzi katika masomo na kazi. Baada ya hapo huingia humanite kwa miaka 4, na mwaka wa 4 wa humanite, ambao wazazi wengi bado wanauita darasa la 6 la sekondari, humalizika kwa mtihani wa serikali.

Kuelekeza kumo ndani ya jina lenyewe la TENASOSP. Lakini katika shule nyingi jaribio hilo huchukuliwa kama kizuizi cha kuruka tu. Mtoto akifaulu, anapongezwa. Ni nani anayekaa naye baadaye kumweleza kwamba alama zake za hesabu ni nzuri, kwamba Kifaransa kinamtatiza, na kwamba kwa hiyo barabara hii inamfaa kuliko ile?

Na barabara ni nyingi. Opsioni ya sayansi humpa mwanafunzi hesabu, fizikia, kemia na biolojia kwa wingi. Latini na filozofia humzoesha lugha, maandishi na kufikiri kwa mpangilio. Pedagojia huandaa walimu wa shule ya msingi, na ndani yake mna saikolojia, mbinu za kufundisha na mafunzo ya vitendo mbele ya darasa. Biashara na usimamizi hufundisha hesabu za fedha na uwekaji vitabu. Kuna pia opsioni za ufundi: umeme, makanika, ujenzi, kilimo, ushonaji na nyinginezo.

Hakuna opsioni ya aibu kati ya hizo. Tatizo ni pale mtoto anaposukumwa katika moja, huku ndoto yake na mipango ya mzazi wake ikiwa katika nyingine.

Wanavyochagua

Katika hali ya kawaida, opsioni huchaguliwa kwa sababu nne ambazo hazina uhusiano na chuo kikuu. Ya kwanza ni umbali: shule iliyo karibu na nyumbani ina opsioni mbili tu, basi mtoto atasoma mojawapo. Ya pili ni pesa. Elimu bila malipo iliyoanza kutekelezwa mnamo Septemba 2019 inahusu shule za msingi za umma. Huko humanite mzazi bado analipa, na shule yenye maabara kwa kawaida hulipisha zaidi. Ya tatu ni sifa ya kuwa opsioni fulani ni nyepesi, kwamba humo mtu hupata diploma bila kuumwa kichwa. Ya nne ni marafiki.

Kwa wasichana kuna sababu ya tano. Familia nyingi bado huona kwamba ushonaji au pedagojia ndiyo mahali pa msichana, hata kama buletini yake inaonyesha kwamba ndiye wa kwanza darasani katika hesabu. Miaka 4 baadaye familia hiyo hiyo humwambia mgeni kwa fahari kwamba binti anataka kuwa daktari.

Chukua mfano wa binti kama huyo, aliyemaliza pedagojia kwa asilimia 54 na anayeomba nafasi ya kusomea udaktari katika chuo kikuu cha umma. Diploma yake ni halali kabisa. Lakini fakulte ya udaktari, sawa na ile ya uhandisi, mara nyingi huwapitisha waombaji katika mtihani wa kuingia, na maswali yake hutoka katika kemia, fizikia, biolojia na hesabu. Katika masomo hayo anashindana na vijana walioyasoma kila juma kwa miaka 4. Akili anayo, ila kozi hizo alizipata kwa kiasi kidogo mno.

Kuna wanaosema hofu hii imezidi. Kwa kweli diploma ya serikali hufungua mlango wa elimu ya juu kwa ujumla, na katika fakulte kama sheria, sayansi za jamii na siasa, au saikolojia na elimu, huonekana wanafunzi kutoka opsioni mbalimbali. Wapo pia waliosoma biashara wakawa wahandisi wazuri. Hayo ni kweli, na wanaofika huko wanastahili heshima.

Ila kuandikishwa ni jambo moja, na kubaki katika oditwari ni jingine. Mwaka wa kwanza wa uhandisi huanza na aljebra, uchambuzi wa kihesabu na fizikia, na profesa haanzi pale kijana alipoachia. Anaanzia pale programu ya sayansi ilipoishia. Katika uchumi, wengi hushtuka kukuta hesabu na takwimu zikiwasubiri, kwa kuwa walidhani wamezikimbia. Na tangu mfumo wa LMD ulipoanza kutumika kwa upana nchini katika mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi imekuwa ya miaka 3, kila mwaka ukiwa na kredi 60. Muda wa kuziba mapengo ya sekondari umekuwa mfupi. Anayeingia na pengo hubeba kozi za mwaka uliopita mgongoni, na mzazi hulipa mara ya pili kwa kozi ile ile.

Wengine hurudi nyuma. Hujiandikisha kama otodidakte ili wafanye tena mtihani wa serikali, safari hii katika opsioni nyingine. Ni ushujaa, lakini ni mwaka mmoja au zaidi wa maisha ambao mazungumzo ya saa moja katika darasa la 8 yangeweza kuuokoa.

Mzigo si wa mtoto peke yake

Ni rahisi kumlaumu mwanafunzi kwamba hakuuliza. Lakini angemuuliza nani? Masharti ya kuingia vyuo vikuu hutolewa katika maagizo ya mwaka ya wizara ya elimu ya juu, na kila chuo huongeza utaratibu wake. Hati hizo husomwa na viongozi wa vyuo. Ni nadra kuzikuta zimebandikwa kwenye ukuta wa shule ya sekondari ya Walungu, Fizi, Beni au Kasenga. Wizara inayosimamia sekondari na ile inayosimamia vyuo ni mbili tofauti, na katikati yao mwanafunzi huanguka.

Vyuo vikuu vya umma vinaweza kuanza na jambo dogo. Kila fakulte ichapishe ukurasa mmoja, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili kwa majimbo ya mashariki na Katanga, unaoeleza: opsioni zinazomwandaa mwanafunzi vizuri, asilimia inayohitajika, kama kuna mtihani wa kuingia, na masomo yatakayoulizwa. Ukurasa huo ufike shuleni mwanzoni mwa mwaka wa masomo, mikononi mwa watoto wa darasa la 8. Kuutoa baada ya matokeo ya mtihani wa serikali ni kumwonyesha msafiri ramani akiwa amekwisha fika.

Kwa upande wao, wakuu wa shule, wale wanaoitwa prefe, wana wajibu ambao hauhitaji bajeti: mkutano mmoja wa wazazi wa darasa la 8 kabla ya uandikishaji, na ukweli kuhusu shule yenyewe. Shule isiyo na mwalimu wa kemia iseme hivyo. Promota anayefungua opsioni ya sayansi bila hata chumba cha maabara anauza jina, na watoto ndio watakaolipa tofauti.

Serikali nayo haiwezi kukwepa. Katika vijiji vingi mtoto hachagui chochote, kwa kuwa shule iliyopo ina opsioni moja. Kumwambia apange masomo yake kulingana na chuo kikuu ni maneno matupu ikiwa shule ya sayansi ya karibu iko mwendo wa siku nzima, au ikiwa vita vimewafukuza walimu na wanafunzi kutoka vijiji vyao. Kugawa opsioni kwa haki kati ya mji na kijiji, na kupeleka walimu wa hesabu na sayansi huko, ni sehemu ya haki ya kwenda chuo kikuu.

Kinachowezekana sasa

Wakati hayo yanasubiriwa, familia inayo nafasi yake. Mzazi asiyewahi kukanyaga chuo kikuu anaweza kuuliza maswali manne kabla ya kulipa pesa ya kuandikisha: Mtoto anapenda kazi gani, na ni kazi gani ya pili akikosa ya kwanza? Buletini ya darasa la 7 na la 8 inasema nini kuhusu hesabu na Kifaransa chake? Katika fakulte ya kazi hiyo, mwaka wa kwanza hufundishwa nini? Na shule hii ina walimu wa masomo hayo kweli, au ina ratiba tu? Jibu la swali la tatu linapatikana kwa mwanafunzi yeyote wa chuo anayeishi mtaani.

Mwanafunzi aliye katika mwaka wa kwanza wa humanite na anayehisi amepotea njia aseme mapema. Kadiri miaka inavyosonga, kubadili opsioni huwa vigumu, na mara nyingi maana yake ni kuanza upya. Aliye katika mwaka wa 3 au wa 4 asikate tamaa: anaweza kutafuta madaftari ya sayansi ya wenzake, kusoma kwa kikundi mwisho wa juma, na kulenga fakulte inayolingana na alichosoma. Na kila mmoja, wa opsioni yoyote, akaze Kifaransa cha kuandika. Hakuna fakulte ya umma nchini ambako kukijua vibaya hakugharimu kitu.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba chuo kikuu si njia pekee. Fundi umeme aliyesoma vizuri hupata mkate wake Lubumbashi na Bukavu, mara nyingine kabla ya mwenzake mwenye lisansi. Lakini anayeichagua njia hiyo aichague kwa macho wazi, asiangukie humo kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na kituo cha pikipiki.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Mwaka huu tena watoto wa darasa la 8 watasimama mbele ya ofisi za wakuu wa shule, na karani atauliza: opsioni gani? Swali hilo lifikishwe nyumbani mwezi mmoja kabla, mezani, mtoto na mzazi wakiwa na buletini mbele yao. Poda itamwagwa miaka 4 baadaye, na siku hiyo kijana atakuwa anajua anakokwenda.