Kifungo Kikiwa Chepesi Mno

Huenda umewahi kusikia hukumu ukauliza, "Miaka hiyo tu?" Basi fahamu kwamba jaji naye hupimwa.

Mwaka wa 2016, mwanariadha Oscar Pistorius wa Afrika Kusini alifungwa miaka 6 kwa kumuua mpenziwe, Reeva Steenkamp. Sheria ya huko yataka angalau miaka 15, ila kukiwa na sababu nzito. Upande wa mashtaka ukakata rufani.

Majaji wa rufani hawaongezi kifungo kwa kuwa tu wao wangetoa kingine. Sharti tofauti iwe kubwa ajabu. Waliiona. Novemba 2017 wakaamua 15, wakaondoa muda aliokwisha kutumikia, ikabaki 13 na miezi 5.

Hakuna kifungo kimrudishacho marehemu, lakini uhai wake haupimwi kwa kibaba.